Gololi ya Fundi Cherehani

Fundi cherehani alirithi ndoo nzima ya mita kuukuu kwa mjomba wake, makanika wa malori na ndege. Kila asubuhi huchukua moja, huigonga kwa ukucha, huinusa, kisha huifunga kitambaa alichokidarizi jina: hii ya joto la injini, hii ya mwendo. Siku alipoitambua ile yenye gololi ndani ya kioo, kwamba ndege ikilala upande gololi huviringika, aliitundika ukutani. Gololi ikakimbilia kushoto.

"Nyumba imelala!" alisema, na tangu hapo wageni wote wakawa wanakalishwa kulia, wanene kwanza. Wapi! Gololi haikubanduka. Juzi akaja kaka yake, waliyenuniana naye tangu msiba wa mjomba, akitaka mita zote akaziuze chuma chakavu. Alijitupa kitini kwa hasira hadi ukuta ukatikisika, mita ikacheza kwenye msumari, gololi ikatua katikati kabisa.

"Kaka, usiinuke," fundi alinong'ona.

"Nina kazi zangu mimi!"

"Kazi yako ndiyo hiyo."

Akamletea chai, mto, na ndoo ya mita mapajani. Jioni kaka mtu alikuwa angali pale pale, yeye na fundi wakibishana kwa makelele kama ile mita yenye ufa ni ya mafuta au ya upepo.