Mpigaji wa Jumatatu Saa Nne

Mume wangu Japhet haamini mtu. Akitoka anafunga mlango, anashuka ngazi, kisha anapanda tena kuujaribu. Nimeishi naye hapa Vällingby, pembeni mwa Stockholm, miaka kumi na tisa, na mayai ya kwenye friji bado anayahesabu.

Tabia hiyo ndiyo iliyompa kazi. Alikuja kutoka Bukoba kusomea ufundi wa simu, akabaki. Miaka ya tisini, kampuni ndogo iliyomwajiri ikamtaka atengeneze programu ya wafanyabiashara wanaosafiri, yeye na Mikael, Mkenya aliyekulia Farsta, upande wa pili wa jiji. Mfanyabiashara anafika hotelini Lima au Kampala, anachomeka kompyuta kwenye tundu la simu, programu inachagua namba ya karibu, inapiga, na barua pepe zinaingia. Mikael aliandika sehemu ya kupiga. Japhet aliandika sehemu ya kushuku: programu haikutoa siri yoyote mpaka upande wa pili ujitambulishe.

Katika kila mji walikuwa na mtu wa kujaribu namba, mfanyakazi wa hoteli. Kila Jumatatu, saa nne asubuhi ya Stockholm, mtu huyo alipiga, akasubiri dakika moja, akakata. Namba ya mji wake ikikataa, alipaswa kupiga Stockholm moja kwa moja. Japhet alimpa kila mmoja neno lake la siri. Aliwaambia, "Mtu akikutaka uache, hata akisema ni mimi, muulize neno. Asipolijua, endelea."

Mwaka aliopasuliwa kidole tumbo, alimwita Mikael hospitalini kabla ya kuingizwa chumba cha upasuaji, akamsomea maneno yote ayaandike kwenye daftari, asije akafa nayo. Mimi mkewe niliambiwa nikatafute maji ya kunywa. Hilo sijalisahau, na sina mpango wa kulisahau.

Ilipofika 2004, hoteli zilikuwa na intaneti yao na programu haikuwa na wateja. Kampuni iliwaandikia wale wajaribu namba barua pepe: asanteni, acheni. Japhet alichana orodha yake ya maneno vipande vidogo kama mchicha. Namba za miji zikafungwa, ikabaki laini moja ya Stockholm.

Jumatatu iliyofuata, saa nne, laini ile ikaita. Mtu aliingia kwa akaunti ya majaribio, akakaa dakika moja, akatoka. Namba yake haikuonekana. Jumatatu ya pili akarudi, na ya tatu.

"Haibi kitu," nilimwambia Japhet.

"Ndiyo maana namwogopa."

"Lakini Jumatatu saa nne si ndiyo saa uliyowapangia watu wako?"

"Mikael naye anaijua."

Basi akawa amehukumu. Wajaribu walikwisha kuambiwa waache; ukiwatoa hao, akaunti zile walizijua wawili tu, na yeye hakupiga. Aliandika barua kwa mkuu wake, na Mikael akaambiwa akae nyumbani mpaka jambo lieleweke. Mtu aliyekula ugali mezani kwangu kila Krismasi! Nilikasirika, nikamwambia amuulize huyo mpigaji kabla ya kumaliza maisha ya mwenzake. Akasema ameshaweka swali kwenye skrini, kwa Kiswidi na Kiingereza, na hakujibiwa.

"Weka Kiswahili."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu hujaweka."

Jumatatu ya nne jibu likaja: Ni mimi Spéciose, hotelini Bujumbura. Wewe ni nani?

Japhet alirudi nyumbani mapema. Mkuu wake alikuwa amemwambia kuwa jina kwenye skrini anaweza kuliandika yeyote. Alitaka barua yenye muhuri wa hoteli, la sivyo Mikael angefukuzwa Ijumaa. Namba za simu za wajaribu Japhet alikuwa bado nazo, hakuwahi kumwonyesha mtu. Akampigia Spéciose kutoka jikoni kwetu, na mimi nikasogea nisikie.

"Mama Spéciose, ni mimi Japhet wa Stockholm."

"Labda."

"Tuliwaandikia muache kupiga."

"Ile barua niko nayo hapa. Haina neno."

"Nahitaji barua ya hoteli kwamba mpigaji ni wewe. Kuna mtu atapoteza kazi."

"Bon. Sema neno, naandika leo leo."

Japhet akafumba macho. "Nimelisahau."

"Basi pole, bwana. Jumatatu nitapiga." Akakata.

Sikumwonea huruma. Nilimuuliza nani mwingine analo neno lile. Alishika tena simu, akampigia Mikael. Alimweleza yote, mpaka ile barua aliyomwandikia mkuu.

Kwenye simu nikasikia Mikael akipekua karatasi.

"Daftari ninalo," alisema. "Lakini wewe sikupi neno, kaka Japhet. Nipe namba ya huyo mama nimpigie mwenyewe."

Japhet alinitazama. Kisha akaisoma, tarakimu moja moja, akapumzika katikati.

"Bado mbili," Mikael akasema.

Akazitaja.

Barua ya Bujumbura ilifika kwa faksi saa nane mchana, na Mikael akarudi kazini. Meza zao bado zinatazamana. Japhet anasema siku hizi Mikael akiinuka, hata kwenda kuchukua kahawa, hufunga droo yake kwa ufunguo. Zamani hakuwa na ufunguo.