Ini la mbuzi na maombi ya pasta

Leo nimekemewa mapepo nikiwa na damu ya mbuzi mikononi.

Chuo Lodwar tumefunga, niko nyumbani Kakuma. Tulichinja mbuzi kwa sababu pasta wetu alikuwa anakuja. Mimi nikapewa kazi ya kutoa matumbo.

Kwa ini nikaona vifuko vikubwa vimejaa maji. Hiyo tulifundishwa kwa bayolojia: ni minyoo. Mbwa akila ini kama hilo anaipata, halafu anaambukiza watu.

Nikapaza sauti, "Mama! Hili ini liko na shida. Ugonjwa utaingia hapa nyumbani!"

Wote wakanigeukia.

Sasa nyinyi mnajua wazee wetu huangalia matumbo ya mbuzi wakatabiri mvua na vita. Mama aliachana na hayo mambo alipookoka. Na pasta ndio alikuwa anaingia langoni.

"Hata wewe unatabiri?" Mama akaniuliza huku analia. "Hayo ndiyo wanawafundisha huko chuo?"

Nikaanza kueleza minyoo. Pasta akasema, "Piga magoti, binti yangu."

Nikapiga. Jamani, mimi pia nimeokoka, naimba kwaya!

Akaniwekea mkono kichwani. Wote wakafumba macho isipokuwa mimi, na nikamwona mbwa wetu akielekea kwa lile ini. Ningepiga kelele, wangesema ni pepo linatoka.

Nikanyamaza.

Tuliposema amina, ini lilikuwa limeisha. Na huyo mbwa ndiye humlamba mtoto wa dada yangu mdomo kila akimaliza uji.

Wewe ungekatiza maombi? Niambie ukweli, maana mimi usiku huu nimeshindwa kuomba.