Kiti cha Hiltje

Roelof Dijkema hakuwa seremala, na hilo alikwambia mwenyewe kabla hujamwuliza. Maisha yake yote alikuwa fundi baiskeli katika mtaa mmoja wa Utrecht, mtu wa minyororo na matairi. Basi alipoonekana anaingiza mbao kwenye banda la nyuma ya nyumba, jirani yake Geesje alisogea kwenye ua.

"Unafuga kuku sasa, Roelof?"

"Natengeneza kiti."

"Kiti gani kinakula mbao zote hizo?"

"Kile cha nyekundu na buluu."

Mjini pale hakuna asiyekijua. Alikibuni seremala wa huko huko, zamani, babu zetu wangali vijana: bao jekundu la kuegemea, bao la buluu la kukalia, na miti myeusi iliyopishana bila kutoboana, kila ncha yake imepakwa njano. Walimu huwapeleka watoto kukitazama, nao watoto hurudi nyumbani wakisema hakikaliki.

"Hicho si kiti, baba, ni kreti ya vitunguu," alisema Geesje. "Utaumwa mgongo mpaka Krismasi."

"Si changu. Ni cha Hiltje."

Hapo Geesje akaacha utani.

Hiltje ni mke wa Roelof. Macho yake yaliingia ukungu katikati, ukabaki mwanga wa pembeni tu, kama mtu anayechungulia huku kidole kimemziba katikati ya jicho. Nyumbani aliizoea hali hiyo. Kilichomshinda ni sherehe za siku ya kuzaliwa. Kwao siku hiyo viti hupangwa duara sebuleni, na kila mgeni huzunguka akiwapa mkono wote, mmoja mmoja, hongera kwa siku ya dada yako, hongera kwa siku ya jirani yako, kisha hukaa na kahawa yake. Mwaka mmoja, siku yake mwenyewe, Hiltje naye alizunguka, akafika mahali alipodhani pana kiti kitupu, akakaa. Akakaa juu ya mapaja ya Harm, mume wa dada yake.

"Hapa pana mtu, shemeji," alisema Harm, "lakini karibu, nimechoka kukaa peke yangu."

Watu wakacheka. Hiltje naye akacheka, tena kuliko wote. Lakini jioni, akiosha vikombe, alisema bila kugeuka, "Sitaki tena, Roelof. Imetosha."

Mwaka uliofuata hakualika mtu. Na alipoalikwa kwa mtu mwingine, alisema ana mafua. Mimi nimeishi sana na watu hawa, na nimeona kwamba asiyekwenda kwenye duara hafukuzwi na mtu. Wanasogeza viti kidogo tu, nafasi yake inajifunga. Hilo ndilo lililomtia Roelof hofu.

Sasa, asubuhi moja alimwona mkewe akinyoosha mkono na kuinua kifuniko cha njano kilichokuwa juu ya jiko jeusi. Hakupapasa; njano juu ya weusi aliiona. Roelof akasimama na kitambaa mkononi, na kile kiti cha mjini kikamjia akilini.

Akatafuta mchoro, akaanza. Mbao zilimtesa. Kwenye baiskeli ukikaza nati vibaya unaifungua unakaza upya, lakini tundu ulilotoboa vibaya kwenye mti linabaki linakutazama. Vipande viwili vya kwanza viliishia jikoni kushikia mlango. Akajifunza kupima, kuweka penseli chini, na kupima tena kabla ya kugusa keekee. Akajifunza pia kuiacha gundi ikauke bila kuitingisha kila saa. Kiti kikasimama, mraba, hakiyumbi, na yeye akakizunguka akiwa na haya kidogo, kama mtu aliyesifiwa mbele za watu.

Ikabaki rangi, na hapo akaharibu.

Nyumba zao zina dirisha kubwa la mbele, na pazia hawalifungi. Apitaye njiani anaona meza, taa, na ulichopika. Roelof alisimama na makopo yake akalifikiria dirisha lile. Nyekundu ile, njano ile, si zitapiga kelele mpaka barabarani? Njano akaichanganya na nyeupe. Nyekundu akaichanganya na kijivu. Nyeusi nayo akaifanya kahawia ya upole. Kiti kikatoka na adabu zote, kama kahawa ya maziwa.

Akakiweka sebuleni, akamwita mkewe. Hiltje akaja moja kwa moja, akajigonga muundi.

"Umeweka nini hapa?"

"Kiti chako."

Akainama, akakishika, vidole vikatembea juu ya ncha za miti. "Mbona ni kile cha mjini?"

"Ndicho."

"Sasa njano yake iko wapi?"

"Nimeipoza kidogo."

"Kwa nini?"

"Watu wanapita, Hiltje. Watasema kina Dijkema wanaringa."

Hiltje alijisugua muundi. "Waliniona pia nikikaa mapajani kwa Harm," alisema. "Lililobaki la kuficha ni lipi, mzee wangu?"

Roelof akakirudisha kiti bandani, akapiga msasa mpaka mbao zikawa nyeupe, akapaka tena, safari hii rangi kama zilivyotoka koponi. Geesje alipochungulia alifumba jicho moja. "Hiyo hata maiti ataiona."

"Ndivyo ninavyotaka," alisema Roelof.

Kilipokauka akakiweka pale pale sebuleni. Hiltje alitoka jikoni, akasimama mlangoni. Ncha zile za njano zilikaa hewani mbele yake, mbali mbali, zikichora umbo. Akatembea, akageuka, akakaa.

"Kigumu," alisema.

"Kigumu kweli."

"Tena kiko chini. Nitanyanyukaje?"

"Utanishika mkono."

"Na ukiwa umekwenda kumimina kahawa?"

"Utaningoja. Wageni watazungumza nawe."

Hiltje aliweka mikono juu ya mbao za pembeni, akafikiri. Kisha akaomba simu, akampigia dada yake. "Trijntje? Jumamosi, saa nane mchana. Ndiyo, kwangu. Na Harm. Kuleni kabla hamjaja, keki ni kipande kimoja kila mtu."

Roelof akapanda ngazi kwenda darini kuvishusha viti vingine.