Lugha Iliyobaki kwa Olal

Nyumbani kwa Akwero, pale Makindye, Kiswahili kiliachwa mlangoni pamoja na buti. Ndilo sharti alilotoa kabla ya kukubali posa, na Olal, sajini mzima wa jeshi, alilitii miaka yote ya ndoa yao. Kambini alifoka kwa Kiswahili mpaka makuruta wakatetemeka. Akivuka kizingiti chake ni Kiacholi tu, tena cha upole.

Wake za askari wenzake walimcheka Akwero, wakisema ana maringo. Asiyejua hucheka. Vita vya kaskazini mwa nchi, vilivyofuata vile vya mwaka wa themanini na sita, vilimkuta angali msichana kwao, na jioni moja watu wenye bunduki wakaingia uani. Kaka yake Onen alikuwa ameketi akimenya mihogo. Wakamwambia maneno mawili ya Kiswahili: "Simama. Twende." Onen akasimama, akaenda nao, na hakurudi. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, na unyasi wa Akwero ulikuwa lugha hiyo. Sokoni Nakivubo, alikouza ufuta na samaki wakavu, wateja Wakongo walimsemesha Kiswahili naye akawajibu Kiganda. Alikielewa vizuri sana. Kukitamka ndiko hakuwahi.

Olal alipokwisha kustaafu, akapigwa na kiharusi. Mkono wa kulia ukalegea, ulimi ukafungika. Akwero alimlisha, akamwogesha, akamwomba Mungu amrudishie mumewe sauti, hata iwe ya kumgombeza. Asubuhi moja sauti ikarudi.

"Mama Babra, leta maji," Olal akasema, kwa Kiswahili.

Akwero alileta maji, wala hakujibu. Alidhani ni jambo la kupita, na halikupita. Olal alijaribu Kiacholi, akakwama, akajaribu tena, akalia. Na kila aliposema Kiswahili mkewe aligeukia ukutani. Mwishowe mzee akanyamaza kabisa.

Binti yao Babra ndiye aliyepata habari za Daktari Benedicte, mtafiti wa ubongo, ambaye wazazi wake wakimbizi walimleta Katwe kutoka Kongo angali mtoto. Alikuwa akipiga picha za bongo za watu waliopatwa na kiharusi, apate kuona sehemu moja inavyowasiliana na nyingine. Akwero alikubali kwa sababu moja tu: picha ionyeshe Kiacholi kimekwama wapi, kisha kikwamuliwe.

Wakamlaza Olal ndani ya mashine iliyogonga kama mafundi bati wa Katwe. Benedicte akampa Akwero kipaza sauti, akamwomba aongee na mumewe Kiacholi, lolote lile. Akwero akaongea habari za paa linalovuja na mjukuu aliyeota jino.

Siku ya majibu Benedicte aliwaketisha wote watatu mbele ya kompyuta. Alimweleza Akwero kwa Kiganda, polepole.

"Mama, hapa pamekufa." Akagusa doa jeusi upande wa kushoto. "Nyuzi zilizopita hapa kwenda kwenye kutamka, nyingi zimekatika. Lakini tazama huku, ulipokuwa ukiongea naye. Anakusikia. Kiacholi chako anakielewa."

"Basi mbona jibu linakuja kwa lugha ile?"

"Sijui, Mama. Lugha hazina kila moja chumba chake. Zinatumia njia zilezile. Wengine hubakiwa na ya nyumbani, wengine na ya kazini. Nikisema najua, nitakudanganya."

"Mtaifungua hiyo njia?"

"Mashine yangu kazi yake ni kutazama tu. Mazoezi yanaweza kumsaidia. Lakini huenda Kiacholi kisirudi."

Ilimuuma Akwero, ilimuuma kuliko siku ya kiharusi chenyewe. Halafu likamjia jambo baya zaidi: kumbe muda wote huo Olal alikuwa akisikia. Alisikia siku ile mkewe alipomwambia jirani kwa Kiacholi, kando ya kitanda, kwamba mume wake alikwisha kufa na aliyebaki hapa ni askari tu. Aibu ikamjaa, akashindwa kuinua macho.

Benedicte akamgeukia Olal, akasema Kiswahili. "Mzee, uko na neno?"

Olal alimgeukia mkewe. Ulikuwa umepita muda tangu aliposema kitu mbele yake.

"Mama Babra," akasema. "Onen, mimi najua. Lakini mimi si ile watu."

Akwero angeweza kumjibu kwa Kiacholi, naye angeelewa; daktari alikwisha kusema. Lakini mwanamume huyu alikuwa ameiacha lugha mlangoni miaka yote ya ndoa kwa ajili yake, na sasa hakuwa na nyingine. Akatafuta neno la Kiswahili kinywani mwake. Yakaja yale mawili tu, yaleyale. Machozi yakamtoka. Akaushika ule mkono uliolegea, akayasema taratibu, akaongeza na la tatu.

"Simama. Twende nyumbani."

Olal akasimama, akaenda naye.