Pole ya Shimo la Saba

Mzee anayembebea Thierry mfuko wa fimbo za gofu kila Jumamosi si msemaji. Kabla ya kila pigo hung'oa unyasi mkavu na kuurusha juu, autazame upepo. Kisha huchagua fimbo, huufuta mpini wake kwa kitambaa safi, taratibu, kama mtu afutaye kijiko cha mgeni, na kuitoa kwa mikono miwili. Ukimshukuru hujibu, "Sharp, bosi," basi. Thierry, mtu wa Bukavu, Kongo, mwenye ofisi yake Midrand, Afrika Kusini, hakuwahi kumuuliza kwao ni wapi.

Siku moja alicheza na wateja wawili wakubwa. Kwenye shimo la saba mpira wake uliacha njia, ukavuka vichaka, ukazama katikati ya misonobari. Wateja wakacheka. Ulimi ukamteleza mzee, akasema, "Pole, mutoto yangu." Ilikuwa ile "mutoto" ya Bukavu, yenye "u" yake nzima, ambayo Thierry hakuwa ameisikia tangu amzike baba yake.

"Kasemaje?" mteja mmoja aliuliza kwa Kiingereza.

"Sijui," Thierry akajitia hamnazo. "Lugha zao hizo."

Mzee alikuwa akifuta mpini. Mkono ulisimama kidogo, kisha ukaendelea.

Tangu hapo mpira umeshapotelea msituni mara nyingi. Kila mara Thierry husimama akingoja, hata wakiwa wawili tu. Mzee hufuta mpini, humpa fimbo nyingine kwa mikono miwili, na kusema, "Sori, bosi."