Wenyeji wa Nyumba ya Mfano

Jumamosi hizi hakuna tena harufu ya kitunguu kwenye nyumba ya kwanza ukiingia mtaani. Aliyeinunua amefunga mapazia. Majirani wanaorudi kutembea kando ya ziwa hupunguza mwendo wanapoifikia, wakanyoosha shingo kuelekea barazani kama watu waliosahau kitu, kisha wakaendelea na safari yao.

Karibu wote walinunua nyumba zao kwa sababu ya mwanamke mmoja. Ukiwauliza watakwambia walifuata maji, hewa safi, utulivu, na treni inayomfikisha mtu mjini kabla kazi hazijaanza.

Jina lake hakuna aliyelishika. Wajenzi walimwita Mama Mfano, likamganda. Aliyemleta ni dalali wa nyumba zile, mtu wa maneno mengi, ambaye kicheko chake kilitangulia kuingia mlangoni kabla yake mwenyewe. Dalali huyu alikuwa amegundua kwamba nyumba tupu hainunuliki. Mtu akiingia vyumba vitupu husikia viatu vyake mwenyewe, akaogopa.

"Mimi siuzi matofali, dada," alimwambia. "Nauza maisha. Wewe na shemeji kaeni humu bure. Ninachotaka, wageni wakija Jumamosi wakute watu wanaishi."

Mumewe alikuwa fundi wa mitambo kwenye kiwanda cha uchapaji mjini. Siku hizo walikuwa hawasemezani ila kwa yale ya lazima: gesi imeisha, funguo ziko wapi. Alikwisha kumwambia kwamba anatafuta chumba chake karibu na kazini. Kukaa bure ndiko kulikomzuia. Mkewe alilijua hilo, akalimeza. Mwanamume aliyezuiwa na kitu cha bure, alijiambia, angalau amezuiwa.

Basi Jumamosi zikaanza. Asubuhi alianika nguo kwenye kamba ya uani, zikiwemo za watoto ambazo dalali alizileta kwenye mfuko. Hakuna mtoto aliyewahi kuzivaa. Alizifua kutoa vumbi tu, akazikunja, wiki ijayo akazianika tena. Wageni wakikaribia, dalali alimpigia simu na kukata, naye akatia kitunguu kwenye mafuta. Mumewe akatoka na gazeti, akakaa kwenye kiti kinachotazama ziwa.

Hapo ndipo palipomponza. Mbele ya wageni, mume yule alikuwa mtu mwingine.

"Mke wangu, tuletee chai," alisema, kwa sauti ambayo mkewe hakuwa ameisikia tangu uchumba wao. Alimwekea mkono begani. Alicheka.

"Huku hakuna upweke kweli?" aliuliza mgeni mmoja, binti mwenye mimba changa, mumewe akiwa ndani anapima chumba kwa hatua.

"Upweke utoke wapi?" alijibu fundi. "Nikishuka kwenye treni jioni, namkuta huyu amesimama hapo mlangoni. Uchovu wote kwisha!"

"Ndiyo," alisema Mama Mfano. "Huwa namngoja."

Hakudanganya. Alimngoja kweli. Asichosema ni kwamba treni ya alfajiri ikishaondoka, mtaa mzima ulibaki kama umehamwa. Kwamba mchana kutwa hapakuwa na wa kumsalimu ila mawimbi madogo yanayopiga kwenye mawe. Na kwamba jioni mumewe alimpita pale mlangoni bila kumtazama, akaenda kulala. Binti alitabasamu, akashika tumbo lake, akanunua.

Lakini matumaini hayana haya. Katikati ya wiki, akiwa peke yake na vyumba vile vizuri, alijiambia kwamba mtu hawezi kuigiza mapenzi kutwa nzima bila tone la kweli kumvuja. Akajishonea gauni la Jumamosi. Akaanza kuzihesabu nyumba zilizobaki kama mgonjwa anavyohesabu vidonge.

"Mama Mfano, wewe moto!" dalali alimtania. "Ukiendelea hivi utaniuzia hadi ziwa lenyewe."

Alicheka naye, huku akiomba kimoyomoyo nyumba zisiishe.

Ziliisha. Dalali alikuja na soda, akawapongeza, akawaeleza kwamba hata hii ya mfano imepata mwenyewe, kwa hiyo wahame mwisho wa mwezi. Fundi aliitikia kwa kichwa.

Jumamosi iliyofuata Mama Mfano alivaa gauni lake. Alianika nguo. Simu haikulia, akatia kitunguu vivyo hivyo, akasimama akisikiliza mafuta yakilia. Mumewe akatoka chumbani na begi.

"Unamkaangia nani?"

"Wewe."

"Wageni hawaji leo."

"Najua hawaji. Si nimekwambia nakukaangia wewe? Kaa barazani nikuletee chai."

Alimtazama, na mkewe akaona usoni mwake kitu kibaya kuliko hasira. Hakuwa amemwelewa. Ilimchukua muda, kisha akaelewa, akaweka begi chini.

"Ile ilikuwa kazi," alisema, kwa upole wa mtu anayemwelekeza mpita njia. "Kwani wewe ulidhani nini?"

"Siku zote zile? Hata mkono begani?"

"Mkono ni dalali aliniambia niweke."

Hakuwa na nia ya kumuumiza, aliulizwa, akajibu. Akachukua begi lake, akawahi treni ya mchana, ile ambayo siku za wikendi huenda mjini karibu tupu. Mama Mfano alizima jiko, akaingia uani, akaanua nguo za watoto zikiwa bado mbichi.

Siku hizi yuko ng'ambo ya ziwa, kwenye mtaa mwingine unaouzwa. Dalali amemtafutia mume wa mfano, mlinzi mstaafu, ambaye huja Jumamosi asubuhi na kuondoka jioni.