Mpira Juu ya Geti la Bi Thoa

Kipaza sauti cha kijiji cha Dong Tri bado hakijaamka, lakini Bi Nhai keshafunua jeneza lake na anachota maharage ya soya.

Anachota kwa bakuli la plastiki, bila hofu wala heshima, kama mtu anayechota unga kwenye pipa. Haya ni ya kesho. Ya leo yamelala majini tangu jana jioni. Jeneza ni jekundu, mbao nzuri, alilinunua mwenyewe miaka minane iliyopita, wakati bado alikuwa na pumzi za kubishana na seremala. Kwa kuwa halijapata mtu, amelikabidhi kazi ya kutunza maharage.

"Panya wangu ni washirikina," anasema Bi Nhai, mwenye miaka sabini na mitatu. "Gunia watatoboa, debe watafunua. Jeneza hawalisogelei. Juzi mmoja alipita hapo akavua kofia."

Anafunika, anafuta mikono, anaingia jikoni. Mashine inasaga, sufuria inatokota, kitambaa kinakamuliwa mpaka mishipa ya shingo inamtoka. Kisha kwenye maziwa hayo ya soya anamimina maji chachu yaliyobaki kutoka kwa tofu ya jana, ili yagande kama jibini, maana maji mapya hayagandishi kitu.

"Ya jana ndiyo yanayoshika ya leo," anasema. "Ukiyamwaga, huna kazi tena."

Kipaza sauti kinapoanza kupiga muziki wa mazoezi, tofu iko kwenye trei, trei iko nyuma ya baiskeli, na kwenye usukani unaning'inia mfuko wa nyavu wenye mpira mkubwa wa njano, mwepesi kama ahadi. Ni mpira wa wavu wa wazee. Siku njema tofu humwachia faida ya dong laki moja na nusu, siku ya mvua nusu yake. Mpira haumwachii chochote, lakini ukimuuliza anatembeza nini asubuhi yote hii, anaangalia mbele, kwenye usukani.

Miaka tisa iliyopita, daktari wa zahanati alimwambia mifupa yake imekuwa kama biskuti iliyokaa wazi. Alimpa dawa, akamwambia pia asikae ndani kama mtungi. Mumewe alikuwa amefariki mwaka uliotangulia, na watoto wake wawili wako kusini, wanapiga simu siku za sikukuu.

"Nikamwendea Thoa, rafiki yangu tangu usichana," anakumbuka. "Nikamwambia, mwenzangu, tumezikwa kabla ya kufa. Akanijibu, mimi nilikuwa najua, nilikuwa nangoja tu unifukue."

Wakachanga wakanunua mpira. Saa kumi jioni wakawa uwanjani, mbele ya ukumbi wa kijiji, wanawake kumi na wawili wenye suruali za maua. Siku ya kwanza kuku tu ndio waliokimbia. Baada ya mwezi, Bi Thoa alikuwa akiruka kiasi kwamba kuna wanaoapa waliona nyayo zake kwa chini. Bi Nhai alilala usingizi ambao hakuwa ameupata tangu mazishi.

"Ujana ni moshi," alipenda kusema Bi Tuat, mpigaji hodari wa timu, mwenye ulimi mkali kuliko mkono. "Basi sisi ni jivu. Lakini jivu hili, puliza uone, lina makaa."

Jivu limepungua. Wanne kati ya wale kumi na wawili wamefariki; Bi Tuat husema wamesajiliwa na timu ya chini. Watatu walichukuliwa na watoto wao mjini. Hadi mwaka huu walibaki watano, idadi kamili ya kuingia uwanjani, bila hata mmoja wa akiba.

Na mmoja wa hao watano, Bi Thoa, alianza kusahau.

Kwanza alisahau pointi, na hilo halikumshangaza mtu, kwa kuwa Bi Tuat alikuwa akizisahau kwa makusudi. Kisha akasahau upande wake wa wavu. Kisha akaja uwanjani na kuuliza kwa adabu kama wenyeji wangemruhusu kucheza.

Mwezi wa Oktoba, siku ya mashindano ya wazee wa vijiji vya jirani, mambo yalikwenda vizuri mpaka mwisho wa seti ya mwisho. Timu zilikuwa sawa. Mpira ulipigwa kutoka ng'ambo, ukaja juu, taratibu, ukamwangukia Bi Thoa mikononi. Hakuurudisha. Aliudaka, akaukumbatia kifuani, akaanza kuupapasa.

"Piga!" Bi Tuat alipiga kelele. "We Thoa, piga!"

"Shh," alisema Bi Thoa. "Usinishtulie Ti wangu."

Refa alipiga filimbi. Watu wa ng'ambo walicheka, kwanza kidogo, halafu kama wako harusini. Bi Thoa aliwapa wote mgongo, mpira kifuani, akitembea polepole kuuondoa juani.

Ni Bi Nhai peke yake aliyejua Ti ni nani. Ti alikuwa mtoto wa kwanza wa Bi Thoa, aliyekufa kwa homa akiwa na miezi minane, mwaka wa mafuriko makubwa. Walimzika wao wawili, wasichana wa miaka ishirini na kitu, kwenye tuta, kwa kuwa hapakuwa na udongo mkavu pengine. Watoto waliofuata hawakuambiwa jina lake.

"Ningewaambia nini pale uwanjani?" anasema. "Ningesimamisha mechi niwahadithie msiba wa miaka hamsini? Nilisimama tu, mikono imening'inia kama nguo kwenye kamba."

Bi Tuat alivua jezi pale pale. "Mimi nilikuja kucheza mpira, sikuja kulea," alisema, akaenda zake. Timu ya watu wanne si timu. Uwanja ukabaki wa kuanikia mpunga.

Bi Thoa, hata hivyo, hakusahau saa kumi jioni. Kila siku saa hiyo alivaa jezi na kutoka kuitafuta timu. Alipokuta uwanja mtupu alikwenda mbele, akiuliza kila mlango. Kuna jioni hakuonekana kabisa. Kijiji kizima kilitoka. Wanaume waliingia bwawani na fito za mianzi, wakipapasa tope, na kila fito iliponasa kitu wanawake ukingoni waliacha kupumua.

Bi Nhai alirudi kwake kuchukua tochi. Akaona kifuniko cha jeneza kimekaa upande.

Bi Thoa alikuwa ndani, amelala juu ya maharage, jezi yake imefungwa vifungo vyote.

"Nilijua amekufa," anasema Bi Nhai. "Nilijua kabisa. Halafu akafumbua jicho moja akaniambia, dada Nhai, kitanda chako kina vijiwe."

Wote wawili walicheka mpaka machozi, na machozi yakaendelea baada ya kicheko kwisha.

Kesho yake, kufuli likaonekana kwenye geti la chuma la nyumba ya Bi Thoa. Aliyeliweka ni Ngat, mkwe wake, anayefanya kazi kiwanda cha viatu. Huondoka kabla ya jua na kurudi baada ya jua, na mumewe yuko mbali kwenye ujenzi.

"Bibi, usinitazame hivyo," Ngat alimwambia Bi Nhai. "Namwachia uji, namwachia feni, jirani anamchungulia mchana. Mimi nampenda mama. Lakini siku nikimkuta bwawani, nimpigie simu mume wangu nimwambie nini? Niambie wewe."

Bi Nhai alilishika kufuli, akaliachia taratibu.

"Basi," alisema Ngat.

Asubuhi iliyofuata Bi Nhai alisimamisha baiskeli hapo getini na kupitisha kipande cha tofu ya moto kati ya vyuma. Bi Thoa alikuja, akashika vyuma kwa mikono miwili. Jezi ilikuwa mwilini.

"Leo tunacheza na nani?" aliuliza.

Bi Nhai alitazama juu. Geti lile lilikuwa refu kumpita, karibu sawa na wavu wa uwanjani. Akafungua mfuko, akarudi nyuma hatua chache, akapiga. Mpira ulipita juu ya vyuma, ukazama uani. Kisha ukatokea tena juu, wa njano, ukarudi barabarani.

Tangu hapo hucheza kila asubuhi, mmoja ndani, mmoja nje. Bi Thoa huruka bado, ingawa nyayo zake hakuna tena anayeziona. Bi Nhai hajui kama mwenzake anamkumbuka kwa jina au kwa mkono tu, na hataki kumuuliza.

Gharama yake ipo. Tofu inafika baridi kwa wateja, na watatu wamekwisha kuhamia kwa muuzaji mwenye pikipiki. "Tofu yako siku hizi inakuja na usingizi," mwenye duka la supu alimlalamikia. Bi Nhai alimwambia naye aje kucheza, kutamwamsha.

Aliyekuja ni mwingine. Asubuhi moja Bi Tuat alionekana kando ya barabara, mikono nyuma.

"Nimekuja kununua tofu," alisema.

"Ulinunua jana vipande sita. Unaishi peke yako."

"Kwani mtu hawezi kupenda tofu?" Alisimama, akatazama mpira ukienda na kurudi. "Mguu wake wa kushoto uko mbele mno," alisema mwishowe. "Mwambie." Akaondoka bila tofu. Amerudi mara mbili tangu hapo. Jezi hajavaa.

Bi Nhai anataka kitu kimoja kabla ya Tet, sikukuu ya mwaka mpya: ufunguo wa pili. Amemwomba Ngat amruhusu kumchukua Bi Thoa asubuhi, watembee pamoja nyuma ya baiskeli, Bi Thoa akiita wateja, kwa kuwa sauti bado anayo, na kumrudisha mchana. Ngat hakukataa. Alisema atamuuliza mumewe. Alisema, "Tungoje Tet ipite, bibi."

Tet hiyo Bi Thoa atatimiza miaka sabini na mitano, na chama cha wazee kitamvisha joho jekundu la maisha marefu mbele ya kijiji. Bi Nhai anataka amsindikize kwa miguu, mwenzake atoke mwenyewe getini.

"Ufunguo nitaupata," anasema. "Ngat ana moyo. Ninachoogopa ni kalenda. Mwezi uliopita mpira ulikuwa unarudi kila mara. Sasa kuna siku haurudi."

Leo ni mojawapo ya siku hizo. Mpira umevuka geti, na upande wa pili hakuna kishindo. Inasikika sauti ndogo, nyembamba, ya mtu anayebembeleza.

Bi Nhai anapiga makofi mawili. "Tupa, mwenzangu!"

"Shh," inatoka sauti uani. "Amelala."

Mvuke wa tofu umekwisha kukatika. Bi Nhai anashusha mikono, anaegemea baiskeli, na anavuta kola ya koti dhidi ya baridi.

"Haya," anasema, sauti ya chini. "Akiamka, nipe."